MZEE, UNAKIMBIA NINI?

Masomo: 1 Wafalme 18:46 hadi 19:9, Yohana 20:1-10



Pale njia panda ya kwenda Amani hukaa vijana wenye pikipiki, wakingoja abiria tangu alfajiri. Mimi hupita hapo saa kumi na mbili kasorobo, siku tatu kwa juma, nimevaa kaptura ya zamani na viatu vya mpira, nakimbia pole pole kama impasavyo mtu wa miaka sitini na saba. Siku ya kwanza niliporudi barabarani baada ya kuacha kwa muda mrefu, kijana mmoja alinipazia sauti: "Shikamoo babu! Unakimbia nini?" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikaitikia marahaba, nikaendelea na safari yangu. Lakini swali lile lilinifuata mpaka nyumbani, likaketi nami mezani.

Wengi wenu mwajua kwamba kwa miaka mingi nilifundisha Kiswahili katika chuo cha ualimu. Basi mnivumilie nikianza na sarufi kidogo. Neno hili kukimbia lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kwenda mbio. Maana ya pili ni kutoroka. Mtu akikimbia uwanjani twampigia makofi. Akikimbia deni twamtafuta. Lakini lichukueni neno hilo hilo, mliongezee silabi moja tu, nalo hugeuka kabisa: kukimbilia. Mtoto amkimbia nyoka, naye amkimbilia mama yake. Mbio ni zile zile na miguu ni ile ile, ila uso umeelekea kwingine. Na kutokana na kukimbilia twapata neno kimbilio, ambalo mtunga Zaburi ya 46 alimpa Mungu kuwa jina lake wakati wa taabu.

Kijana yule hakujua, lakini aliniuliza swali la mahubiri. Leo nataka kulijibu mbele yenu.

ASUBUHI YA JUMANNE

Nianze na jambo ambalo hamlijui, ingawa mlikaa nami msibani. Ilikuwa Jumanne ya Kwaresima, miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa barazani nafunga kamba za viatu. Mke wangu alitoka ndani ameshika kichwa, akasema, "Baba, kichwa kinanigonga tangu usiku." Nikamjibu, "Pumzika kidogo, Mama, narudi sasa hivi tuone." Nikaenda zangu.

Siku hiyo miguu ilikuwa myepesi. Nilifika pale ninapogeukia siku zote, kwenye mashamba ya machungwa, nikajiambia, mbona bado nina nguvu? Nikaongeza kilometa mbili. Niliporudi nilitazama saa ya mkononi kwanza, nijue nimetumia dakika ngapi, kabla sijatazama uani kwangu. Uani kulijaa majirani. Mke wangu alikuwa ameanguka jikoni, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, na maneno hayatoki. Tulimfikisha hospitali. Aliishi siku mbili, asiseme tena.

Kilikuwa kiharusi kilicholetwa na presha; mshipa ulipasuka, damu ikavuja ndani ya kichwa. Dawa za presha alikuwa amepewa mwaka uliotangulia. Alizimeza, akajisikia nafuu, akaziacha, na mimi sikumwuliza. Nilimwendea daktari nikamwambia, "Kama ningalikuwapo nyumbani?" Alikuwa mtu mkweli. Alisema, "Mwalimu, katika ugonjwa huu kila dakika ina thamani. Lakini damu ilivuja nyingi. Siwezi kukuapia kwamba angalipona, wala siwezi kukuapia kwamba asingalipona." Nikarudi nyumbani na jibu hilo.

Ningalikuwapo. Nimewafundisha wanachuo wengi jinsi ya kulitumia hilo -ngali-. Ni umbo la jambo ambalo halikutokea, wala sasa haliwezi tena kutokea. Sikujua kwamba mtu aweza kuishi ndani ya silabi mbili kwa miezi minane.

Baada ya mazishi nilivitundika viatu kwenye msumari nyuma ya mlango. Watu wakasema, "Maskini, Mwalimu ameacha kukimbia." Kumbe ndipo nilipoanza. Nilikimbia jiko, kwa maana ndipo alipoangukia. Nikala mkate na chai iliyopoa, nimekaa barazani. Nilikimbia kitanda, nikalala kitini. Niliwakimbia watu, kwa sababu kila aliyenipa pole niliona kama angalijua ukweli asingalinipa. Nilikuja kanisani nikakaa nyuma kabisa, na kabla ya Komunyo nilikuwa nimekwisha toka. Na nilikimbia kaburi. Kwenda shambani nilishika njia ya mbali, nizunguke nyuma ya reli, nisipite makaburini. Viatu vilikuwa vimetundikwa, nami nilikuwa mbioni usiku na mchana.

ELIYA CHINI YA MRETEMU

Katika siku hizo sikusoma sana Biblia. Lakini usiku mmoja ilifunguka kwenye habari za Eliya, nami kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa michezo pia, nilisimama kwenye aya ambayo zamani niliipita tu. Ni mwisho wa sura ya 18. Mvua imerudi baada ya ukame wa miaka. Mfalme Ahabu apanda gari lake, na Eliya ajifunga viuno, akimbia mbele ya gari hilo toka Karmeli mpaka kuingia Yezreeli. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilometa 20. Nabii yule alikuwa na mapafu!

Fungueni ukurasa unaofuata. Yezebeli atuma neno la kumwua, na mkimbiaji yule yule aondoka tena mbio, lakini safari hii akimbia kuokoa roho yake. Afika Beer-sheba kusini kabisa mwa Yuda. Hapo afanya jambo ambalo kila aliyefiwa alijua: amwacha mtumishi wake, aingia nyikani peke yake. Akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu amtwae, kwa maana yeye si mwema kuliko baba zake. Aliyelishinda gari la mfalme jana, leo hawezi kusimama.

Sasa angalieni kazi ya Mungu. Mimi nilidhani atamkemea. Laiti angalikuwa mwanachuo wangu, ningalimkemea. Nabii wa Bwana, aliyeita moto toka mbinguni, alala chini kama mtu asiye na tumaini! Lakini Mungu hakumkemea, wala hakumhubiria. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari iliyo mbele yake ni ndefu kumshinda. Ni baadaye sana, huko Horebu baada ya siku arobaini, ndipo Mungu alipomwuliza anafanya nini mahali pale. Chakula na usingizi kwanza, swali baadaye. Kwa miaka thelathini darasani mimi nilianza na swali.

UJI WENYE MADONGE

Siku chache baada ya kusoma hayo Padre alinitembelea. Nilijiweka tayari kwa maneno. Lakini hakufungua kitabu. Aliniuliza, "Mwalimu, umekula nini leo?" Nikasema, "Mkate." "Na jana?" "Mkate." Akainuka, akaingia jikoni mwangu bila kuomba ruhusa, akatafuta unga na sufuria. Nilimsikia akigongagonga vyombo. Alirudi na vikombe viwili vya uji wenye madonge makubwa, akasema, "Sijui kupika, lakini tule." Tukala tukiyatafuna madonge. Akaomba sala fupi, akaenda. Sijui malaika wana sura gani. Huyo alikuwa na unga kwenye mkono wa kanzu.

Juma lililofuata binti yangu alimleta mjukuu wangu wa miaka tisa akae nami, asome shule ya hapa. Sasa nafahamu kwamba hakuletwa kwa ajili ya shule. Mtoto hawezi kwenda shuleni na mkate mkavu siku zote, hivyo ilinilazimu niingie jikoni. Wapendwa, mimi ni mtu niliyewafundisha walimu kuandaa somo kwa hatua zake zote, na siku tatu nilitafuta chumvi ndani ya nyumba yangu mwenyewe nisiione. Ilikuwa ndani ya kopo la zamani la maziwa ya watoto. Nilijifunza kwamba uji hautakuwa na madonge kama unga utakorogwa kwanza kwa maji baridi. Nilijifunza kuloweka sare ya shule usiku, na kuamka kabla ya mtoto.

Nawaambia haya ninyi wanaume wenzangu hasa, kwa sababu wengi wetu twajua mambo yote ya nyumba ila yale yanayoiendesha. Akina mama wa kanisa walituletea chakula tangu matanga mpaka arobaini, Mungu awabariki, lakini baada ya arobaini kila mtu hurudi kwake, na ndivyo ilivyo haki. Hapo ndipo msiba wenyewe huanza. Watu wakishatoka uani, hubaki sufuria, ndoo, na siku ndefu. Nilidhani kazi ndogo ndogo za siku zanizuia kuomboleza vizuri. Sivyo. Kazi hizo ndizo mkate wa malaika. Mungu hakumwondolea Eliya jangwa. Alimpa chakula cha kulivukia. Basi usidharau uji.

PETRO ALIYEFIKA WA PILI

Hata hivyo uji haukuondoa -ngali- yangu. Nilikula, nililala, lakini makaburini bado sikupita. Ilipokaribia Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, nilisoma sura ya 20 ya Yohana, mahali ambapo wanafunzi wawili wanakimbia kwenda kaburini. Mwandishi, kama mwamuzi mwema wa mashindano, ametupa hata matokeo: yule mwanafunzi mwingine alimpita Petro, akafika wa kwanza. Mapokeo ya Kanisa husema huyo ndiye Yohana, naye alikuwa kijana. Petro alikuja nyuma akihema. Sisi wazee twaujua mwendo huo.

Nilijiuliza, Petro alikuwa amebeba nini kifuani asubuhi ile? Usiku wa Alhamisi alikuwa ameota moto uani kwa Kuhani Mkuu, akamkana Bwana wake mara tatu. Ijumaa Bwana akafa. Hawakusemezana tena. Hakupata nafasi ya kusema nisamehe. Basi Petro naye alikuwa na -ngali- yake, nzito kuliko yangu. Angalisema kweli. Angalisimama chini ya msalaba. Mtu wa namna hiyo, akisikia habari za kaburi, twatazamia atakimbia kuelekea upande mwingine. Lakini Petro alikimbilia pale pale penye uchungu wake. Alifika wa pili, akaingia wa kwanza. Na alipoingia hakumkuta maiti.

Someni mpaka sura ya 21. Bwana aliyefufuka yuko pwani, amewasha moto wa makaa, juu yake pana samaki, na mkate. Yohana ametaja moto wa makaa mara mbili katika Injili yake: penye moto wa kwanza Petro alimkana Bwana, penye moto wa pili Bwana alimwuliza mara tatu kama ampenda. Na kabla ya kumwuliza alimlisha kwanza. Ni kama chini ya mretemu: chakula, kisha swali. Bwana hakumwambia Petro kwamba hakukosa. Alimpeleka mpaka kwenye moto ule ule, akampa kazi ya kulisha kondoo.

Jumamosi ile nilimwendea Padre kwa maungamo. Nilimwambia yote: kichwa kilichogonga, kilometa mbili za kujionyesha kwa nafsi yangu, saa niliyoitazama kwanza, dawa ambazo sikuuliza. Nilitumaini atasema, "Hukukosa, Mwalimu." Hakusema hivyo, nami namshukuru, maana nisingalimsadiki. Alinipa ondoleo la dhambi kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kisha akaniambia, "Siku ya Marehemu nenda kaburini. Nenda kwa viatu vyako."

Asubuhi hiyo niliviondoa msumarini. Ndani ya kiatu cha kushoto nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo, nikaibomoa kwa kijiti. Nilikimbia. Sikufika nusu kilometa kabla pumzi hazijaniishia. Nikatembea, nikakimbia tena, nikatembea. Huko njiani ndiko nilikoulizwa swali la yule kijana wa pikipiki. Nilipofika makaburini majani yalikuwa marefu, kwa aibu yangu. Nilisimama nikasema, "Mama, nimechelewa. Nisamehe." Nikang'oa majani mpaka mikono ikauma.

Sikusikia sauti. Sikuona nuru. Nilisikia ndege, na garimoshi la mizigo likipita kwa mbali. Kisha nikarudi nyumbani kumkorogea mtoto uji. Lakini jioni, katika Misa ya Marehemu, jina lake liliposomwa pamoja na majina ya marehemu wetu wote, sikutoka nje. Nilikaa mpaka Komunyo, nikapiga magoti pale tulipozoea kupiga magoti pamoja, nikapokea. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile kusimama mahali pamoja.

MASHAHIDI WA SIKU ZETU

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, asema tumezungukwa na wingu la mashahidi tukipiga mbio. Nawakumbusha wawili wa siku zetu.

Wa kwanza ni ndugu yetu John Stephen Akhwari. Nilikuwa mtoto wa shule mwaka 1968 alipokimbia mbio ndefu za Olimpiki huko Mexico City, kilometa 42 na mita 195, katika mji ulio juu zaidi ya meta 2,200, ambako hewa ni nyepesi. Alianguka njiani, akaumia goti na bega. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha maliza zaidi ya saa nzima, na giza limeingia, ndipo Akhwari alipotokea uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji. Waliondoka watu 75, wakamaliza 57, na yeye ndiye wa mwisho wao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii, kwamba taifa lake halikumpeleka mbali vile aanze tu, bali amalize. Leo washindi wengi wa mwaka ule wamesahauliwa, na Mtanzania aliyekuwa wa mwisho akumbukwa dunia nzima.

Wa pili hakuwa wa imani yetu. Alikuwa Kalasinga wa Punjab nchini India, jina lake Fauja Singh. Mkewe alifariki mwaka 1992. Mwaka 1994 mwanawe alikufa kwa ajali mbele ya macho yake. Mzee alivunjika moyo. Alihamia Uingereza kwa mtoto wake mwingine, na huko, akiwa na miaka zaidi ya themanini, akaanza kukimbia ili aweze kuibeba huzuni yake. Mwaka 2000 alimaliza mbio ndefu za London akiwa na miaka 89 kwa hesabu yake, na mwaka 2011 alimaliza za Toronto, akihesabiwa kuwa na miaka 100. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness hakikumwandika. Nasi wazee wa vijijini tusio na vyeti twamwelewa! Alifariki mwezi Julai 2025, baada ya kugongwa na gari karibu na kijiji chake. Simtaji ili tuwe kama yeye. Namtaja kwa sababu huzuni haikumwacha siku ile alipoanza kukimbia. Alikwenda nayo barabarani, nayo ikajifunza mwendo wake.

MASHAURI MACHACHE

Kwa kuwa wazee wenzangu wameniuliza, nitasema kidogo juu ya mwili, maana Eliya naye alikuwa na mwili. Uzee hupunguza misuli, na moyo hauwezi tena kudunda kwa kasi ya ujana. Hiyo si dhambi. Usianze kukimbia kabla ya kumwona daktari na kupimwa presha na sukari. Anza kwa kutembea. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kusema na mwenzako bila kukatika pumzi. Pumzika siku moja kati ya siku mbili za mbio. Kijana hupona usiku mmoja, sisi hatuponi. Shirika la Afya Duniani lashauri dakika 150 za mwendo wa kadiri kwa juma, hata kwa sisi tuliopita miaka 65, na kutembea kwa haraka kwahesabiwa pia. Anayelima bustani yake kila siku asijione mvivu mbele yangu.

La pili ni zito zaidi. Presha haina kelele. Mtu aweza kuwa nayo miaka asijisikie lolote, na dawa zake si za kuacha kwa sababu umepata nafuu. Nafuu yenyewe yaletwa na dawa. Na mkiona mtu mdomo umekwenda upande, au mkono mmoja umelegea, au maneno yanamgongana ghafula, msingoje, msimkande, msitafute kwanza jamaa wa kushauriana. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Kama mtu mmoja katika parishi yetu atapona kwa sababu ya mistari hii, mke wangu atakuwa amefundisha somo.

La tatu: mwenzako akisema kichwa kinamgonga, vua viatu.

JIBU LANGU

Wapendwa, sitawadanganya kwamba yamekwisha. Kila ninapofunga kamba pale barazani nasikia sauti yake. Sasa kabla sijatoka namwuliza mjukuu wangu ameamkaje, nangoja jibu mpaka liishe, nachukua simu mfukoni, na nikifika kwenye mashamba ya machungwa nageuka, hata kama miguu ni myepesi. Hayo ndiyo niliyojifunza. Ni machache, na yamenigharimu sana.

Labda wewe usomaye hukimbii barabarani. Lakini wajijua kama umo mbioni. Kuna chumba ambacho hufungui. Kuna jina ambalo hulitaji, ndugu ambaye hamjaongea tangu mazishi ya baba, barua iliyoko sandukuni. Hutoki nyumbani, lakini umefika Beer-sheba na mtumishi umemwacha nyuma. Sikukemei, maana Mungu hakumkemea Eliya. Nakuuliza tu kama nilivyoulizwa na Padre: umekula? Umelala? Kama bado, anza hapo. Na ukishapata nguvu, uongeze silabi ile moja. Geuza uso. Petro alipolikimbilia kaburi alikuta Bwana amekwisha litangulia na kulifungua.

Juma lililopita nilipita tena njia panda. Yule kijana amekwisha kunizoea, lakini alikuwa na abiria mgeni, naye mgeni akauliza, "Huyu mzee anakimbia nini?" Kijana akamjibu, "Huyo hakimbii kitu. Anawahi kumpikia mjukuu wake uji." Nilipungia mkono, nikapita. Sikuwa na la kuongeza.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha Eliya alipochoka, ukamlisha Petro kabla ya kumwuliza, utazame waliofiwa katika parishi yetu. Uwape chakula cha leo na usingizi wa leo. Tulipokosa, utusamehe, tulipochelewa, utungoje. Uwape marehemu wetu raha ya milele, na mwanga wa milele uwaangazie. Nasi tulio bado njiani, utugeuze nyuso zetu tukukimbilie wewe, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wenu katika Kristo,

Mwalimu Mstaafu